Tunachangia Jeneza, Mbona Hatuchangii Nauli?

Mama mmoja wa kigango kimojawapo katika milima ya Kasulu alitungoja nje ya sakristia baada ya Misa, watu walipokwisha kutawanyika. Tulidhani ameleta nia ya Misa, au rozari ya kubarikiwa. Hakuwa na haja ya hayo. Alituuliza kwa sauti ya chini, huku akitazama pembeni: "Padre, je, unamfahamu mwanamke yeyote aliyekatwa titi akaendelea kuishi?"

Hatukuwa na jibu. Miaka yote ya falsafa na teolojia seminarini haikutuandaa kwa swali hilo. Tukasema yale yasemwayo siku zote, kwamba Mungu yupo na kwamba tutamkumbuka katika sala. Aliyapokea kwa heshima, akashika njia ya nyumbani. Sista mwuguzi wa zahanati ndiye aliyetutoa aibuni kesho yake. "Yupo," alisema, "tena anasali hapa hapa." Jina hakulitaja. Alikwenda kwanza kwa mhusika mwenyewe kumwomba ruhusa, na yule mama, aliyekuwa ameficha habari zake kwa miaka sita hata majirani wasijue, akakubali kumtembelea mgonjwa.

Yaliyosemwa katika nyumba ile hatuyajui yote, wala si haki yetu kuyajua. Tulilosimuliwa, kwa idhini yao wote wawili, ni hili. Mgeni aliomba mlango ufungwe, akafungua kitenge, akaonyesha kovu. "Gusa," alimwambia mwenzake, naye akagusa. Kisha akainua mkono wa upande ule uliokatwa, akaufikisha kwenye boriti na kuteremsha kikapu kilichokuwa kimetundikwa. Kwa muda mrefu hakuna aliyesema neno. Juma lile lile mgonjwa alisafiri kwenda Mwanza kupasuliwa. Barua yake ya rufaa ilikuwa imelala sandukuni, chini ya nguo za Jumapili, kwa muda wa miezi minne.

Ni kwa ajili ya miezi minne hiyo tunaandika maneno haya. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa mwaka 2021 juu ya saratani ya matiti, lilipendekeza kwamba tangu mgonjwa afike mara ya kwanza katika huduma ya afya hadi ugonjwa wake ujulikane kwa hakika zisipite siku 60. Mgonjwa wetu alikwisha kuambiwa ana ugonjwa gani, na bado alikaa siku 120 akiogopa peke yake. Mahubiri yetu hayakumwondolea hofu, wala karatasi ya daktari haikumwondolea. Iliondolewa na kovu la mwanamke mwenziwe.

Wapo wasomaji watakaosema kwamba huu ni ugonjwa wa mijini na wa Wazungu. La hasha. Mwaka 2022 wanawake wapatao milioni 2.3 duniani waligundulika kuwa nao, na 670,000 walifariki dunia. Hapa Tanzania, saratani ya mlango wa kizazi na saratani ya matiti ndizo zinazowashika wanawake wengi kuliko saratani nyingine zote. Wanaume nao wanaupata, ingawa ni wachache sana, kama mmoja kwa kila wagonjwa mia. Tofauti kubwa kati yetu na nchi tajiri ni hatua ambayo mgonjwa anafikia hospitali. Kwao wengi hufika uvimbe ukiwa bado mdogo. Kwetu wengi hufika titi limekwisha kuwa gumu na ngozi imevutwa ndani, au kidonda kimefunguka na tezi za kwapani zimevimba. Hapo ndipo ilipozaliwa ile imani inayotembea vijijini mwetu kwamba kisu ndicho kinachoua. Watu wamemwona mgonjwa akikatwa, kisha wakamwona akifa, wakaunganisha mambo hayo mawili. Hawakumwona yule aliyekatwa mapema akapona, kwa sababu huyo amefunga kitenge chake vizuri na amenyamaza.

Ukimya huo una gharama. Anayepona akijificha, na anayekufa akionekana na wote, kijiji kizima hujifunza somo la uongo.

Na tuitazame safari yenyewe. Mwanamke wa Kibondo au Kasulu anayehitaji tiba kamili ya saratani hana budi kutoka nje ya mkoa. Hospitali zetu za karibu, ile ya Jimbo iliyoko Kabanga, zile za wilaya, na Maweni pale Kigoma, zinaweza kumpima na kumwandikia rufaa. Kwa dawa za dripu na mionzi, wengi huelekezwa Bugando, Mwanza, hospitali ya rufaa ya maaskofu wetu iliyofunguliwa mwaka 1971, au Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1996 katika majengo ya hospitali ambayo Wajerumani waliifungua mwaka 1897. Kutoka stesheni ya Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Kwenda Mwanza ni kupitia Kakonko na Nyakanazi, kisha Geita hadi Busisi, na mpaka juzijuzi msafiri alingoja pale foleni ya kivuko. Tangu Juni 2025 daraja limefunguliwa, na tunashukuru. Lakini daraja halimlipii mtu nauli, wala halimpi pa kulala.

Watu wengi hudhani kwamba tiba ni siku moja ya kisu. Sivyo. Baada ya upasuaji hufuata dawa za dripu, kwa kawaida kila baada ya majuma matatu, mara sita au nane. Wengine huanza na dripu kabla ya kisu ili uvimbe upungue. Kisha, kwa wanaohitaji, huja mionzi, ambayo hutolewa kila siku ya kazi kwa majuma matatu hadi matano mfululizo. Na yule ambaye vipimo vimeonyesha kwamba saratani yake inalishwa na homoni humeza vidonge vya tamoksifeni kwa miaka mitano, pengine hadi kumi. Hesabuni wenyewe, ndugu wasomaji: ni safari ngapi, ni usiku ngapi katika mji usio na ndugu, ni misimu mingapi ya mahindi na maharage itapita bila mikono ya mama shambani?

Katika safari ndefu namna hii, mwanamke aliyekwisha kuipita ana elimu ambayo haimo katika vitabu vya daktari, au imo lakini daktari mwenye wagonjwa sabini mlangoni hana muda wa kuieleza. Tumewasikiliza akina mama watano wa parokia zetu, na tunaandika hapa baadhi ya wanayoambiana.

Wanaambiana kuhusu ule mrija wa kutolea maji baada ya upasuaji, namna ya kuufunga chini ya nguo ili usinase katika basi. Wanafundishana kuunyoosha mkono polepole, kupanda ukutani kwa vidole kila siku sentimita chache, kwa sababu bega lisipofanyishwa kazi hukakamaa, na mwanamke asiyeweza kuinua mkono hawezi kutwanga wala kujitwika. Wanaonyana pia kwamba, tezi za kwapani zikiisha kuondolewa, mkono huo unaweza kuvimba hata baada ya miaka, hivyo ulindwe dhidi ya mikwaruzo na majiko ya moto. Mmoja wao alituambia kwamba alinyoa nywele zake mwenyewe kabla ya dripu ya pili, ili zisimwangukie juu ya chakula cha watoto. Mwingine, mwenye utani mwingi, alisema nywele zake mpya zimeota laini kuliko zile za ujanani, na kwamba mume wake sasa anamwita binti. Wanaelezana chakula kinachokaa tumboni siku za kichefuchefu: uji mwepesi, ndizi mbivu, mchuzi wa maharage usio na mafuta. Na jambo ambalo kila mmoja alilisema kwa ukali ni hili, kwamba homa ikipanda kati ya dripu moja na nyingine si malaria ya kujitibu nyumbani kwa panadoli. Damu imepungukiwa na askari wake. Ni kwenda hospitali usiku huo huo.

Wanashoneana pia. Titi la kitambaa lililojazwa pamba, na punje kidogo za mtama ndani yake ili liwe na uzito, hukaa vizuri katika sidiria, na humrudishia mama ujasiri wa kwenda sokoni na kupokea Komunyo bila kujikunyata. Katika nchi jirani ya Rwanda wapo wanawake wanaoyafuma kwa uzi. Jambo hili si dogo kama sisi wanaume tunavyoweza kulidhania.

Tena kuna lugha. Bibi wa Heru Juu anayejua Kiha peke yake, akilazwa Mwanza, huwaelewa wauguzi nusu nusu, na nusu iliyobaki anaijaza kwa hofu. Mwenzake aliyetangulia, akiwa naye kitandani hata kwa siku tatu tu, ni mkalimani na ni shahidi.

Jambo la wagonjwa kusaidiana si geni ulimwenguni. Mwaka 1952 mwanamke mmoja wa New York, Terese Lasser, alitoka hospitali baada ya kukatwa titi bila mtu yeyote kumweleza ataishije. Akaanza kuwatembelea wengine vitandani mwao, na madaktari kadhaa walimfukuza wodini. Hakukoma. Mwaka 1969 Shirika la Saratani la Marekani liliichukua kazi yake, ikaenea katika nchi nyingi. Nchini Uganda wanawake waliopona walianzisha umoja wao, UWOCASO, mwaka 2004. Hapa nchini chama cha madaktari wanawake, MEWATA, kilianza mwaka 2005 kuwaita akina mama kwa maelfu kupimwa matiti, na wapo Watanzania waliopona ambao wamesimama hadharani Dar es Salaam kusema: mimi ni mmoja wao. Lakini sauti inayotoka Dar es Salaam, hadi ifike Kibondo, imekuwa tangazo la redio. Inahitajika sauti yenye jina, ya mtu ambaye shamba lake linapakana na lako.

Hapa yatupasa kuwa wakweli, maana tumeona watu wakivutwa na ahadi za ajabu. Kundi la wagonjwa si dawa ya saratani. Mwaka 1989 daktari David Spiegel wa Marekani alitangaza kwamba wanawake wenye saratani iliyokwisha kusambaa, waliokutana kila juma na kuzungumza, waliishi muda mrefu zaidi kuliko wenzao. Habari hiyo ilipokewa kwa shangwe. Lakini utafiti mkubwa zaidi uliofanywa Kanada na kutangazwa mwaka 2001, wa wanawake 235, haukuona nyongeza ya siku za kuishi. Ulichokiona ni kwamba wale waliokuwa na fadhaa kubwa walitulia zaidi, na maumivu yao yalipungua. Kwetu hilo linatosha kabisa. Na kwa hapa petu tunathubutu kuongeza jambo moja ambalo Kanada haihitaji kulipima: mwenzako akikufanya uitoe barua ya rufaa sandukuni leo badala ya baada ya miezi minne, huyo amegusa uhai wako moja kwa moja.

Kwa sababu hiyo tunawaomba akina mama wanaokutana wasiruhusu mikutano yao iwe mahali pa kuuza mizizi na maji ya miujiza. Sala si mshindani wa dripu. Anayemwambia mgonjwa aache dawa ili aonyeshe imani, awe mganga, awe mhubiri, awe hata mwana karismatiki wa parokia yetu, anamtendea dhuluma, na Tume ya Haki na Amani haiwezi kulinyamazia neno hilo. Nasi mapadre tuna la kutubu. Mara nyingi tumemwambia mgonjwa haraka mno kwamba huo ni msalaba wake, kabla hatujauliza kama amekula na kama anayo nauli. Simoni wa Kirene hakumhubiria Bwana juu ya msalaba. Aliubeba.

Sasa tufike kwenye fedha, kwani ndiko haki inakopimwa. Katika vijiji vyetu karibu kila kaya imo katika chama cha kufa na kuzikana. Mtu akifa, kabla jua halijatua daftari limefunguliwa: fedha, unga, maharage, kuni, vijana wa kuchimba, akina mama wa kupika. Hatulidharau jambo hili hata kidogo, kwani kuzika wafu ni tendo la huruma. Lakini katika orodha ya matendo ya huruma tuliyofundishwa katika katekisimu, kuwatazama wagonjwa kunatangulia, na kuzika wafu kunakuja mwisho. Sisi tumeigeuza orodha. Mama yule yule ambaye jumuiya yake ingemnunulia jeneza zuri bila kunung'unika, alipohitaji nauli ya kwenda Mwanza aliuza mbuzi wawili na kukopa kwa riba. Tuliuliza katika jumuiya kwa nini, na mzee mmoja akajibu bila kuficha: "Kwa maiti tuna hakika, Padre. Kwa mgonjwa hatuna hakika kama fedha itazaa." Tulikaa na jibu hilo siku nyingi. Ni la ukweli, na linatisha.

Serikali nayo ina sehemu yake. Miongozo ya uchangiaji wa gharama za matibabu imekuwa ikiitaja saratani miongoni mwa magonjwa sugu yanayostahili msamaha, na mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Hayo ni mema. Ila msamaha wa karatasi haumfikishi mtu hospitali, wala hauzai dawa pale rafu ya duka la dawa ilipo tupu na mgonjwa akaambiwa akanunue nje. Wajumbe wa Tume katika parokia wawe na ujasiri wa kumsindikiza mgonjwa hadi kwa ofisa ustawi wa jamii, wakae naye katika benchi, wamsaidie kudai kilicho haki yake kwa adabu na kwa maandishi. Viongozi wa walei wanaojua kusoma miongozo wasiitumie elimu hiyo kwa harusi na kamati peke yake.

Tunageukia kwenu, ndugu zetu wa UWAKA. Tumesikia visa vya waume waliooa mke mwingine wakati wa kwanza akiwa bado wodini, na vya mashamba yaliyogawanywa mwenyewe akiwa hai. Tumesikia pia juu ya mume, si mbali na mji wa Kibondo, aliyejifunza kusafisha kidonda cha mke wake na kukifunga kila asubuhi kabla ya kwenda shambani, na wenzake wakamcheka. Semeni neno katika mikutano yenu, na tungependa kusikia mnamchagua yupi awafundishe wengine. Agano la ndoa halikufanywa na titi.

Kanisa linamkumbuka kila mwaka, tarehe 5 Februari, Agata bikira na shahidi wa Katania, ambaye jina lake tunalitaja katika Sala ya kwanza ya Ekaristi. Mapokeo yanasema watesi wake walimkata matiti. Siku sita baadaye, tarehe 11 Februari, ni Siku ya Wagonjwa Duniani, iliyoanzishwa na Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili mwaka 1992. Tunapendekeza kwa maparoko kwamba kati ya siku hizo mbili, kila parokia iwape nafasi akina mama waliopona wazungumze na akina mama wenzao, bila mapadre na bila wanaume kuwapo kama wakitaka hivyo. Anayetaka kunyamaza aachwe anyamaze. Siri ya mgonjwa ni mali yake, na katekista asimtangaze mtu kwenye matangazo ya Jumapili kwa nia njema.

Bikira Maria alipopata habari za Elizabeti hakumtumia salamu. Alipanda kwenda nchi ya milima, akakaa kwa jamaa yake kama miezi mitatu. WAWATA, iliyoanzishwa mwaka 1972, ina matawi karibu katika kila kigango chetu, nayo ina wanawake wanaojua njia za milima hii kuliko sisi wenye pikipiki. Wawaangalie pia akina mama walioko Nyarugusu, kambi iliyowapokea Wakongo tangu mwaka 1996. Mkimbizi mwenye uvimbe huhitaji kibali kabla ya nauli, na mara nyingi hana hata yule jirani wa kumfungulia kitenge na kumwonyesha kovu.

Fedha ya kuanzia si nyingi. Jumuiya chache tayari zimekubali kwamba sehemu ya kumi ya mfuko wa kufa na kuzikana iwe ya nauli za wagonjwa, na isirudishwe. Nyingine zimekataa, na majadiliano yanaendelea, mengine kwa sauti ya juu. Tungefurahi kupata barua kutoka pande zote mbili.

Yule mama wa sakristia amemaliza dripu na sasa yuko katika vidonge. Majuma mawili yaliyopita alitungoja tena mahali pale pale baada ya Misa. Alisema kuna mwanamke Kibondo, mama wa watoto wanne, amepewa barua ya rufaa na hataki kutoka nyumbani. Alitaka nauli ya kwenda na kurudi, na alitaka kujua nani atapalilia maharage yake kwa siku hizo tatu, kwa kuwa mvua imeshika na magugu hayangoji mtu. Nauli ilitoka katika mfuko. Maharage yalipaliliwa na jumuiya yake siku ya Jumamosi, wanaume saba na wanawake kumi na mmoja, na yule mzee aliyetujibu habari za maiti alikuwamo, na jembe lake.